Busu Linalopaa: Dansi Inapoazima Mapenzi Vitabuni

Mwanamke amevaa shati jeupe la kulalia, miguu mitupu, nywele zimeachiwa. Anamsogelea mwanamume, anamzungushia mikono shingoni, anambusu. Mwanamume anaanza kuzunguka palepale aliposimama, polepole kwanza. Nyayo za mwanamke zinaachana na sakafu. Kisha mwanamume anafungua mikono pembeni, hamshiki tena, na bado yule mwanamke yuko hewani, mwili umenyooka, karibu ulale sambamba na jukwaa. Kinachomzuia asiruke ni mikono yake mwenyewe tu. Midomo haijaachana.

Hapo ni karibu na mwisho wa Le Parc, dansi ya mtunzi wa Kifaransa Angelin Preljocaj iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza na Opera ya Paris mwaka 1994, wachezaji wakuu wakiwa Isabelle Guérin na Laurent Hilaire. Muziki ni ule mwendo wa polepole wa konseto ya piano namba 23 ya Mozart.

Kipande hicho kinazunguka mtandaoni kila baada ya muda, kimekatwa kikabaki nusu dakika. Mwaka 2011 Air France nao walitengeneza tangazo juu yake, Preljocaj mwenyewe akilitunga, wachezaji wakizunguka juu ya kioo. Tangazo zuri kabisa.

Lakini ni wiki kadhaa sasa jambo moja haliniachi. Kikikatwa, kinageuka kuwa sarakasi ya kupendeza. Kikiwa mahali pake, ukumbi mzima unaacha kukohoa.

Kwa nini?

## Busu lenyewe linavyofanyika

Tuanze na mwili, maana watu huwahi kukimbilia hisia.

Mwanamke asimkamate mwenzake shingo. Ajikamate mwenyewe: kiganja kimoja kishike kifundo cha mkono wa pili nyuma ya shingo ya mwanamume, na mikono ilale juu ya mabega yake. Mzigo unatakiwa ukae chini kabisa ya shingo, pale kwenye mfupa unaojitokeza mtu akiinamisha kichwa, na usambae kwenye nyama za mabega. Ukipanda juu kidogo, karibu na nywele, shingo inavutwa mbele, na kesho yake mwanamume ataamka hawezi kugeuza kichwa. Kufumanisha vidole hakufai pia. Jasho likishaingia, vidole huchomoka kimoja baada ya kingine, na kwa mwendo ule hakuna nafasi ya kuvirudisha.

Sasa hesabu. Chukua mchezaji wa kilo 50. Akining'inia tu bila kuzungushwa, mwenzake anabeba kilo 50. Mwili wake ukiinuka nyuzi 45 kutoka wima, mzigo unafika takribani kilo 70. Ukifika nyuzi 60, ni kilo 100, yaani mara mbili ya uzito wake. Na ili afike nyuzi 60, mzunguko mmoja lazima umalizike chini kidogo ya sekunde moja na nusu. Hapo hakuna mapenzi wala sanaa, ni uzito na mwendo. Kwa sababu hiyo mzunguko haumfuati Mozart. Piano inatembea taratibu kwa mapigo yake sita, na wale wawili wanazunguka kwa kasi inayodaiwa na mwili. Anayejaribu kulazimisha hatua zikae juu ya pigo atapunguza kasi, na miguu ya mwanamke itashuka kabla ya wakati.

Mwanamume lazima aegemee nyuma. Ndilo kosa la kwanza la wanaoiga: anasimama wima kama nguzo, na ule uzito unaovutwa kwenda nje unamwangusha mbele. Hatua zake ziwe fupi, zifuatane upesi, bila kuruka. Akipanua hatua, kitovu cha mzunguko kinahama na wote wawili wanaanza kutangatanga jukwaani.

Kosa la pili ni meno. Hutokea mwanzoni, uso unapokutana na uso kwa haraka, na mwishoni, kasi inapokatwa ghafla. Kwa hiyo mazoezi ya kwanza hayana busu kabisa. Shavu kwa shavu, mzunguko mmoja, miguu ya mwanamke ikiburuta sakafuni na mikono ya mwanamume bado ikiwa kiunoni kwake. Baadaye mizunguko miwili. Mikono ya mwanamume huachia mwisho kabisa, mtu wa tatu akiwa karibu, nje ya duara, tayari kudaka. Kushuka nako kunafanyiwa mazoezi peke yake: mwanamume anapunguza kasi kwa mizunguko miwili, anarudisha mikono kiunoni, vidole vya miguu vya mwanamke vinagusa kwanza, kisha nyayo.

Kizunguzungu hakina dawa ya kawaida hapa. Mchezaji akizunguka peke yake hutupa macho sehemu moja na kichwa hufika kabla ya mwili. Nyuso zikiwa zimegandana haiwezekani. Kinachobaki ni kumtazama mwenzako, au kufumba macho na kuyafumbua kabla miguu haijagusa chini.

Yote hayo yanafundishika kwa wachezaji wawili wenye nguvu na subira.

Na bado hujapata Le Parc.

## Alichokiazima Preljocaj

Le Parc imetokana na riwaya za Kifaransa za karne ya 17 na ya 18, hasa La Princesse de Clèves ya Madame de La Fayette, iliyotoka mwaka 1678. Humo mke wa mtu anampenda mwanamume mwingine, hatendi lolote la aibu, anakwenda kumwambia mumewe ukweli, mume anakufa kwa simanzi, na mjane, aliyebaki huru kabisa kuolewa na ampendaye, anakataa. Ukisoma mara ya kwanza unaweza kuitupa riwaya ukutani.

Hadithi hiyo haimo katika Le Parc. Hakuna mume, hakuna mazishi, hakuna wa kumwambia ukweli. Kuna bustani, kuna wanawake na wanaume waliovaa mavazi ya kale, na kuna watunza bustani wenye miwani myeusi wanaotembea kama mitambo, wakisindikizwa na sauti za kielektroniki mahali pa Mozart. Mwanzoni wanawake nao wamevaa kiume, na wote wanacheza mchezo wa viti: kukaa, kuinuka, kuwahi, kukosa. Kila mtu anamtazama kila mtu, na hakuna anayekubali kwamba anatazama.

Alichokichukua mtunzi ni kuchelewa. Riwaya zile zimejengwa juu yake. Mwaka 1654 Madeleine de Scudéry alichapisha katika riwaya yake Clélie ramani ya nchi ya mapenzi: msafiri anaanzia mji wa Urafiki Mpya, anapita vijiji vyenye majina kama barua nzuri na heshima, akikosea njia anaishia Ziwa la Kutojali, na akizidisha kasi anamwagikia Bahari ya Hatari. Wasomaji wa enzi ile waliichukulia kama mchezo wa sebuleni, ila kanuni yake ilikuwa ya kweli kwao: hapafikiki bila kupitia vituo. Wale watunza bustani wa Preljocaj naona ndio walinzi wa ramani hiyo. Hawapendi wala hawachukii. Wanahakikisha kila kituo kinapitiwa.

Dansi ina sehemu tatu, na kila moja inamalizika na dansi ya wawili. Ya kwanza ni makutano: wanafuatana, wanaigana, karibu hawagusani. Ya pili ni ukinzani: anamsogelea, mwanamke anajitoa, anarudi, anajitoa tena. Ya tatu ni kujiachia, na humo ndimo lilimo lile busu. Yote yanakwenda saa moja na nusu hivi bila mapumziko.

Ukumbi unanyamaza kwa sababu umengojeshwa. Klipu ya nusu dakika inakupa mshahara wa kazi ambayo hukuifanya.

## Mama mkwe hachezeki?

George Balanchine, mtunzi mashuhuri wa baleti, alikuwa akisema kwamba katika baleti hakuna mama mkwe. Maana yake, mwili peke yake jukwaani hauwezi kueleza kwamba huyu ni mama wa mke wa yule. Unaweza kuonyesha mzee na kijana, anayependa na asiyependa, aliyekaribishwa na aliyefukuzwa. Ukoo, urithi, tarehe na sababu havichezeki.

(Nina shaka kidogo na mfano wake. Kwetu mkwe anachezeka vizuri tu: mtu anapisha njia, anainamisha macho, anajitanda upya, anaongea akiwa ametazama pembeni. Mtazamaji yeyote wa Tanga au Kisumu atajua nani ni nani kabla hujafika hesabu ya nane. Ila kanuni inabaki.)

Aliyeielewa vizuri ni mtunzi wa baleti John Cranko. Mwaka 1965, huko Stuttgart, Ujerumani, aliitoa riwaya ya kishairi ya Mrusi Pushkin, Yevgeny Onegin, ikawa baleti. Katika kitabu Tatiana anamwandikia Onegin barua ya mapenzi, naye anakuja bustanini na kumpa mawaidha marefu ya kumkataa kwa adabu. Mawaidha utayachezaje? Cranko aliyafuta. Katika baleti Onegin anaichana barua mbele yake. Na mwishoni, Onegin anaporudi akiwa yeye sasa ndiye mwenye kuomba, Tatiana anaichana ya kwake. Pushkin hakuandika hivyo, lakini maumivu ni yaleyale, na yamepata kitu ambacho mkono unaweza kukishika.

Kuandika barua nako kulikuwa tatizo. Mtu aliyekaa mezani na kalamu ni picha, hachezi. Cranko akamlaza Tatiana usingizi, akamtoa Onegin ndani ya kioo, na barua nzima ikachezwa kama ndoto ya wawili.

Dansi ya kisasa imekwenda mbali kuliko baleti katika kutupa kisa, lakini swali la kumuuliza mwandishi ni lilelile: katika kitabu chako, ni kitu gani kinatendeka kwa mwili hata maneno yakinyamaza?

## Kwaheri ya matendo matano

Kuna kisa kilicho karibu zaidi na sisi. Faustin Linyekula ni mtunzi wa dansi kutoka Congo, mwenye makazi ya kazi yake, Studios Kabako, mjini Kisangani, ambako Kiswahili na Kilingala vinapishana sokoni. Kabla ya hapo, mwaka 1997, alikuwa Nairobi pamoja na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen, wakaanzisha kundi la Gàara. Mwaka 2009 jumba la maigizo la Comédie-Française la Paris lilimwita aongoze Bérénice, tamthilia ya Mfaransa Racine.

Tamthilia hiyo ya mwaka 1670 haina karibu tukio lolote. Tito amekuwa mfalme wa Roma, anampenda Bérénice, malkia mgeni, na Roma haitaki malkia mgeni. Lazima amwache. Basi. Matendo matano ya mtu anayejaribu kusema kwaheri na ulimi ukakataa. Racine mwenyewe aliandika kwamba ubunifu wote ni kutengeneza kitu kutokana na si kitu.

Kwa mtunzi wa dansi, maandishi ya namna hiyo ni bora mara kumi kuliko riwaya yenye vita na mafuriko. Mtu anayetakiwa kuondoka chumbani na haondoki: hiyo ni kazi ya mwili moja kwa moja. Na ukimkabidhi mwongozaji Mkongomani hadithi ya mgeni anayependwa nyumbani na kukataliwa na dola, huhitaji kuongeza hata neno moja la siasa.

## Mizani nane, hesabu nane

Sasa nyumbani kabisa. Nashangaa kwamba watunzi wetu wanapotafuta maandishi ya mapenzi hukimbilia Verona ya Romeo na Juliet, wakati shairi la kawaida la Kiswahili tayari limepimwa kwa kipimo cha wachezaji. Mshororo una mizani, yaani silabi, 16: nusu ya kwanza, ukwapi, nane, na nusu ya pili, utao, nane. Mchezaji dansi naye, tangu siku ya kwanza ya mazoezi, huhesabu moja mpaka nane. Ubeti wa mishororo minne ni vipande vinane vya hesabu nane, yaani hesabu 64. Kwa mwendo wa pigo moja kila sekunde, beti nne ni dakika nne na sekunde 16. Hiyo ni dansi kamili ya wawili.

Huu ni ubeti wa mfano, nimeutunga kwa kazi hii tu:

*Nilingoja mlangoni, hadi taa ikazima,*
*Chai ikapoa ndani, na upepo ukahama,*
*Hatua zako njiani, zaja kisha zasimama,*
*Usipite barazani, bila kugeuka nyuma.*

Hatua ya kwanza ni kufuta majina. Mlango, taa, chai, upepo, baraza: vyote nje. Mchezaji akibaki navyo ataanza kufungua mlango usiokuwepo na kunywa chai ya hewa, na watu watacheka pasipotakiwa kuchekwa. Baki na vitenzi: kungoja, kuzima, kupoa, kuhama, kuja, kusimama, kupita, kugeuka. Vinane. Kila kimoja kipate tendo lake la mwili. Kungoja si kusimama tu. Uzito uko mguu mmoja, unahamia wa pili, unarudi. Kuzima kunaanzia kifuani, pumzi inatoka na mbavu zinashuka. Kupoa ni kule kuzima, sasa kwa mwendo wa nusu, na kunafika mpaka vidoleni.

Hatua ya pili, angalia kila kipande kina kitenzi gani. Cha kwanza kungoja, cha pili kuzima, cha tatu kupoa, cha nne kuhama. Cha tano, "hatua zako njiani", hakina kitenzi. Hapo ndipo mchezaji wa pili aingie, kwa sababu ndipo pana nafasi. Cha sita kinajigawa chenyewe katikati: mizani nne za kuja, mizani nne za kusimama. Atembee hesabu nne, agande hesabu nne. Hujatunga chochote. Umesoma tu.

Hatua ya tatu ni kibwagizo, ule mshororo wa mwisho unaorudiwa kila ubeti, na hapa ndipo dansi inapopatikana au kupotea. Mwendo wa kibwagizo uwe uleule katika beti zote nne, mkono kwa mkono, hatua kwa hatua. Kinachobadilika ni umbali. Ubeti wa kwanza anampita mwenzake kwa mita nne. Wa pili, mita mbili. Wa tatu, hatua moja. Katika zote tatu, kwenye "kugeuka", bega linaanza kugeuka hesabu ya tatu na linarudi hesabu ya sita, kichwa hakifuati. Ubeti wa nne anampita karibu kiasi cha nguo kugusana, na kichwa kinafuata bega.

Pina Bausch, mtunzi wa dansi wa Ujerumani, alifanya jambo la ukoo huohuo katika Café Müller, mwaka 1978. Mwanamume na mwanamke wamekumbatiana. Mtu wa tatu anakuja, anawapanga upya: midomo hapa, mkono pale, mwanamke abebwe mikononi. Mwanamume anamwachia, anaanguka, anainuka upesi, anamkumbatia tena kama mwanzo. Anapangwa tena, anaanguka tena, kila mara haraka zaidi, mpaka yule wa tatu anaondoka na wawili wanaendelea kujipanga na kuangushana wenyewe. Mwendo haukubadilika, maana yake iligeuka kabisa. Washairi wetu wamekuwa wakikitumia kibwagizo hivyo tangu zamani.

## Yanayoharibika

Kosa kubwa ni kucheza kila mizani. Kwa kuwa zinalingana na hesabu, mchezaji anashawishika kuweka tendo kwa kila silabi, na matokeo yake ni mtu anayetikisika kama cherehani. Tendo moja kwa kipande linatosha. Mengine yaachwe yavuke mpaka wa ukwapi na utao.

La pili ni kugusana mapema. Ubeti wa kwanza wakishikana mikono, hizo mita nne, mbili na hatua moja hazina kazi tena. Wako waongozaji wanaoogopa kwamba hadhira ya Pwani haitakubali mapenzi jukwaani, kwa hiyo wanayafanya maigizo ya kuchekesha. Mimi naona kinyume. Sehemu mbili za kwanza za Le Parc, zenye miguso michache na macho mengi, zingeeleweka Unguja kuliko Paris. Watu waliozoea kumwambia mtu jambo zito kwa maandishi ya kanga hawahitaji kufundishwa kuchelewa.

La tatu ni sakafu. Kumbi nyingi za mazoezi kwetu ni saruji au vigae. Kuanguka na kuinuka kwa mtindo wa Bausch juu ya saruji kunamaliza magoti na nyonga kabla ya onyesho. Vaeni pedi za magoti, tandikeni zulia la plastiki lililobanwa kwa utepe wa gundi pembe zote, na fanyeni maanguko kwa kasi kamili mara chache tu kila siku ya mazoezi. Zilizobaki, tembeeni tu.

La nne ni mghani, yule anayelisema shairi wakati wachezaji wanacheza. Akighani vizuri, atavuta irabu ya mwisho ya kila kipande, na hesabu ya nane itakuwa ndefu kuliko saba zilizotangulia. Wachezaji wanaohesabu vichwani watafika kabla yake na kusimama wakimsubiri, jambo linaloonekana mpaka kiti cha mwisho. Wafuate pumzi yake: akivuta hewa, kipande kipya kimeanza. Tena asimame pembeni, nje ya mwanga, asije akawa mtu wa tatu kwenye mapenzi ya wawili.

Na katika ubeti wa nne anyamaze baada ya "usipite barazani". Hesabu nane za mwisho zichezwe bila sauti, kwa kuwa hadhira imeshalisikia kibwagizo mara tatu na inalo. Jitayarisheni, kwa sababu kuna watu watakaolimalizia kwa sauti, pengine ukumbi mzima, na wakati wao hautakuwa wenu. Waacheni. Bega linageuka hesabu ya tatu, hata kama wao wameshamaliza.